Kisanduku cha Gitaa Chenye Kuzimu Ndani

Kwaya yetu ya parokia, hapa Ushirombo, ina wapiga gitaa wawili, na wote wawili wanalala chumba kimoja. Mume wangu anapiga solo. Mimi napiga besi, na sikuiomba. Wapiga besi waliotangulia walikuwa vijana, na kila mmoja aliaga akisema anakwenda Mwakitolyo kutafuta dhahabu kidogo tu, halafu arudi. Wa mwisho alipoondoka, gitaa la besi lilibaki limeegemea ukuta wa sakristia. Kiongozi wa kwaya akasema kwa kuwa mimi nafundisha hisabati shule ya msingi, angalau nitaweza kuhesabu mapigo. Basi nikajifunza. Mwanzoni watu walikuja misa ya pili kunitazama, baadaye wakazoea, na sasa ni watoto wangu wa darasa la nne tu wanaocheka.

Tulipoamua kurekodi albamu, tulikwenda kwa fundi mmoja mwenye studio karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Zamani alikuwa na studio mjini, lakini akahama. Alituambia sababu bila aibu: wanaoimba wako mjini, wanaolipa wako huku. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani na blanketi mlangoni. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nayo ilisaga tangu asubuhi hadi jioni kama mtu anayetafuna chumba kizima.

Fundi aliweka maikrofoni mbele ya amplifaya ya mume wangu, akamwambia apige. Alipiga kwa hisia, macho ameyafumba. Fundi alipotusikilizisha, gitaa lilikuwa kwa mbali sana, na karasha lilikuwa hapo hapo. Mwenyekiti wa kwaya, bwana mifugo mstaafu ambaye masikio yake yamechoka kuliko yeye mwenyewe, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ngoma imetulia," alisema. "Nani anapiga?"

Fundi alizima kompyuta akatueleza kwamba hapo maikrofoni ibaki kwa waimbaji tu, tena wakati karasha limepumzika kwa chakula. Magitaa yataingia kwa waya moja kwa moja kwenye kompyuta. Ila gitaa likiingia hivyo bila kitu chochote katikati, sauti yake inakuwa nyembamba na kavu. Kwa hiyo tulihitaji vitu viwili. Kwa besi, priampu, yaani kisanduku cha kuitia sauti nguvu kabla haijaingia. Kwa solo, kisanduku cha kuiga amplifaya. Unakiambia kijifanye amplifaya fulani kubwa ya Ulaya, nacho kinajifanya.

"Yaani tununue mashine ya kusema uongo," alisema mwenyekiti.

"Ni uongo mzuri, mzee," fundi alijibu.

Mume wangu alikabidhiwa kazi ya kuchagua. Nadhani kamati ilifikiri angechukua wiki. Yeye anauza vipuri vya pikipiki, na dukani kwake mteja akikaa sana kuchagua plagi humwambia asogee wenzake wahudumiwe. Lakini kwa visanduku hivi akawa mtu mwingine. Kila jioni alikaa na simu akitazama video za wazungu wenye ndevu ndefu, kila mmoja ameketi mbele ya ukuta uliojaa magitaa, akilinganisha kisanduku kimoja na kingine. Kiingereza chao hakukielewa chote, lakini alielewa nyuso zao. Mzungu akifumba macho na kuvuta pumzi, mume wangu naye alifumba macho.

Akaanza kuzungumza lugha mpya. Sauti ilikuwa na joto au haina. Ilikuwa na mwili, ilikuwa na hewa, ilikuwa na unyama. Siku moja niliweka ugali mezani, nikamwambia na wenyewe una joto, ila unalipoteza. Hakucheka. Alinieleza kwamba duniani wapiga gitaa wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaoamini valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, na wapo wanaoamini kompyuta. Nilimuuliza yeye ni wa kundi gani. Alisema anaelekea kwenye valvu. Jumamosi yake nilimkuta anaelekea kwenye kompyuta. Kabla ya Kwaresima kwisha alikuwa ameongoka na kuasi mara nyingi kiasi kwamba niliacha kufuatilia.

Kuhusu besi, ambayo ni yangu, hakuniuliza chochote. Alisema atanitafutia kitu kizuri.

Hatimaye mwanamuziki mmoja wa Kahama, aliyekuwa anauza vyombo vyake vilivyotumika, alituazima kisanduku kimoja cha kuiga amplifaya na priampu mbili za besi, tuvijaribu kabla ya kununua. Mume wangu alivipanga juu ya meza kwenye ukumbi wa parokia, amevitandikia kitambaa. Kamati ikaketi. Kile cha kuiga amplifaya kilikuwa na kioo kama cha simu, na kwenye kioo kulikuwa na majina ya sauti zilizomo, moja baada ya nyingine, mpaka kidole kichoke. Mume wangu alizunguka akiwaonyesha wajumbe. Alipofika kwa mama kiongozi wa sauti ya kwanza, aliyesoma sekondari kwa masista na Kiingereza chake kiko wima, yule mama alivaa miwani, akasoma, akarudi nyuma.

"Hapa pameandikwa Kuzimu," alisema.

Ilikuwa kweli. Waliotengeneza kisanduku walikuwa wameipa sauti moja jina hilo, sauti ya kukwaruza ya wale vijana wa nywele ndefu. Yule mama akasema yeye hana ugomvi na teknolojia, lakini hawezi kuimba Mtakatifu huku kuzimu ipo pembeni imechomekwa kwenye umeme.

"Sitaitumia hiyo, mama," alisema mume wangu. "Mtu anaweza kuiruka tu."

"Kila mtu anadhani hivyo," alijibu mwenyekiti.

Baada ya mjadala mrefu ikaamuliwa jambo lipelekwe kwa paroko. Tulimkuta anakunywa chai, sisi watatu: mwenyekiti, mume wangu amebeba kisanduku, na mimi niliyetumwa kwa sababu walimu wanaaminika kueleza.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibuni. Hicho nini?"

Nilieleza. Paroko ni mtu mpole, amechoka na vikao. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mle ndani kuna na mbingu. Mume wangu alitafuta kwa bidii.

"Mbingu hakuna, Baba. Ila ipo moja inaitwa Kanisa Kuu. Inafanya gitaa lisikike kama liko ndani ya kanisa kubwa sana la mawe."

"Basi tumieni hiyo," alisema paroko, akarudia chai yake.

Nina hakika alichotaka ni tuondoke. Lakini mwenyekiti alitoka pale na neno la paroko kama hati ya kiwanja. Kuanzia siku hiyo solo ya kwaya yetu ilikuwa ipigwe kwa Kanisa Kuu, na hakuna mjadala. Mume wangu, baada ya miezi yote ile ya joto na hewa na unyama, alikuwa amechaguliwa sauti na mtu ambaye hakuisikia.

Zikabaki priampu za besi. Mlezi wa kwaya, mzee mwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, huko Mwakitolyo, alikuwa ameahidi kununua vyombo, kwa hiyo tukavipeleka vyote kwenye ofisi yake avione. Ofisi ile ina meza, mizani, na sanamu ya Mama Maria.

"Mwangaluka, walimu," alitusalimu kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ingawa mwalimu nilikuwa peke yangu na jua lilikuwa limeanza kushuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bhabha. Viko wapi?"

Mume wangu alianza kueleza tofauti. Hii ina sauti ya uwazi, hii ina sauti ya mviringo na inasukuma katikati. Mzee hakuwa anasikiliza. Alichukua priampu moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto, akafumba macho, akazipandisha na kuzishusha taratibu.

"Hii," alisema, akainua ya kulia. "Ina kitu ndani."

"Mzee, labda tungezisikiliza kwanza," mume wangu alisema.

"Mimi jiwe silisikilizi. Nalipima. Mpigaji nani, wewe?"

Mume wangu alinionyesha mimi. Mzee alinitazama tangu viatu mpaka kilemba, kisha akanipa zote mbili nishike. Kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze, mtu alikuwa amenitaka maoni. Nilisema ukweli: naipenda ile nyepesi, nilishaijaribu ukumbini na inasikika safi, na mimi ndiye nitakayeibeba kwenye pikipiki. Mzee alinisikiliza kwa heshima.

"Mwalimu ana mikono imara," alimwambia mume wangu, akanunua ile nzito.

Kilichoniudhi ni kwamba ilikuwa nzuri. Tuliporudi studio niliichomeka, nikapiga wimbo wa kwanza, na besi yangu ikatoka nene na tulivu, kila noti imekaa mahali pake. Sikuwa nimewahi kujisikia namna ile. Fundi aliniinulia kidole gumba. Hadi karasha linasimama kwa chakula, nilikuwa nimemaliza nyimbo zangu zote, nikatoka nje nikakaa na wanakwaya waliokuwa kwenye benchi wamevaa sare, kwa sababu mtu alikuwa amewaambia kutapigwa picha.

Karasha lilipoanza tena, mume wangu aliingia na Kanisa Kuu lake. Tulimsikia kupitia ukutani, noti moja ikisafiri, ikigonga pembe zote za jengo ambalo halipo, ikirudi kukutana na noti ya nne iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka. Fundi alimwomba apunguze kidogo. Mume wangu alisema ni agizo. Wakawa katika mabishano hayo umeme ulipokatika, na karasha nalo likanyamaza.

Ukimya ule sijausahau. Njiwa walisikika. Ilikuwa nafasi ya kurekodi kwa maikrofoni kitu chochote tulichotaka, na hatukuwa na umeme wa kurekodia.

Umeme uliporudi, kisanduku kilikuwa kimesahau kila kitu kikarudi kwenye sauti ya kwanza kabisa, ile isiyo na makeke. Mume wangu, akihofia kimeungua, alipiga kipande cha wimbo wa shukrani ili akijaribu tu. Fundi alikuwa tayari amebonyeza kurekodi. Nilisimama mlangoni na blanketi mkononi. Gitaa lilitoka karibu, wazi, kama yeye anavyopiga nyumbani asubuhi ya Jumapili kabla watoto hawajaamka. Wanakwaya wawili waligeuka kwenye benchi.

"Hii ndiyo," fundi alisema.

"Haina mwili," alijibu mume wangu.

Nilimwambia mbele ya watu kwamba ni nzuri. Alinitazama kama mteja aliyemletea plagi ya kichina. Wakarekodi tena kwa Kanisa Kuu, na kamati, iliposikiliza zote mbili, ikachagua ya agizo.

Albamu ilitoka. Vigangoni waliipenda. Bibi mmoja alimpongeza mume wangu akasema solo ile inasikika kama inapigwa parokia ya jirani. Alikusudia sifa. Mume wangu alishukuru, na jioni hiyo hakula vizuri. Mimi niliiweka kwenye simu yangu ya mkononi nijisikie, na kwenye kispika kile kidogo besi yangu haikuwepo kabisa, nzito wala nyepesi. Nilimkuta kijana wa bodaboda mwenye spika kubwa nyuma ya kiti, nikamwomba aweke wimbo wetu mmoja. Hapo nilijisikia. Nilizunguka naye stendi mara mbili, nikalipa nauli bila kwenda popote.

Mwezi uliopita ilikuja kwaya ya parokia nyingine kuomba ushauri wa vyombo. Walikuwa watatu, wanyenyekevu, wamebeba daftari. Mume wangu aliwakalisha sebuleni, akawaanzia kwenye valvu. Aliwapitisha kwenye joto, uwazi, njia ya kuingiza besi bila amplifaya, na makosa ambayo wao wasiyarudie. Nilipika chai mara ya pili. Waliandika kila kitu, wakamshukuru sana, mmoja akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Wiki iliyofuata tulisikia wamenunua kinanda chenye gitaa, besi na ngoma ndani yake. Mume wangu alipata habari hizo dukani, akaja kunieleza nikiwa nasahihisha madaftari. Niliuliza kinasikikaje.

"Kina hewa kidogo," alisema, akaenda kuoga.