Siku Saba za Mwenye Gari

Wapo watakaosema nimetunga. Semeni. Mimi ni mkulima wa korosho wa Makote, hata barua ya kumwombea mwanangu ruhusa shuleni hunitoa jasho, hadithi nitaitoa wapi? Kilichonipata kilinipata asubuhi, nikiwa macho, sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimekunywa. Anayetaka kuniita mwongo nitamkaribisha nyumbani akae na mama yangu jioni moja tu, kisha arudi kwao na maneno yake.

Chanzo ni gari. Mwaka ule korosho zilinikubali, na badala ya kuezeka nyumba upya kama mke wangu, Mama Zuhura, alivyotaka, nilikwenda Masasi nikarudi na gari la spoti. Jekundu, milango miwili, viti viwili, limekaa chini mpaka kuku wanachungulia ndani bila kuruka. Usinicheke. Wewe nawe una lako ulilonunua kwa kiherehere. Njia ya kwetu ni mchanga na makorongo, kwa hiyo bampa la mbele liling'oka wiki ya kwanza, nikalifunga kwa waya. Baada ya hapo gari likawa linalala chini ya turubai, pembeni ya magunia.

Kuna jambo sikumwambia mtu. Dalali aliyeniuzia alisema mwenye gari alikuwa kijana wa Chiwata, alirudi nalo kutoka Dar, akaugua, akafa. Nikauliza, amekufa lini? Dalali akahesabu kwa vidole. Siku thelathini na tatu. Wa kwetu wameshaelewa, ila wewe wa mbali nikueleze. Huku vitu vya marehemu haviguswi mpaka arobaini. Siku hiyo watu wanasoma dua, wanakula, halafu ndugu wanakaa mkekani na kugawana: baiskeli kwa huyu, jembe kwa yule, mashati kwa mpwa. Kabla ya hapo marehemu hajaondoka, vitu bado vina mwenyewe, hata kijiko. Lakini ndugu zake walikuwa na haraka, dalali alikuwa na haraka, na bei ilikuwa ya kutupa.

"Mambo ya kizamani hayo, mzee," dalali akaniambia. "Siku saba ni nini?"

Nikalipa. Kadi ya gari ilibaki na jina la marehemu, Hashimu Selemani, nami sikwenda kulibadilisha. Niliifungia sandukuni, ufunguo nikautunza mwenyewe.

Aliyenifanya niliuze ni mama. Macho yake yote mawili yalifunikwa na mtoto wa jicho. Mwanzoni alikuwa akimwita mbuzi kwa jina la mjukuu wake na sote tunacheka, yeye akiwa wa kwanza. Siku moja akapeleka mkono katikati ya mafiga akidhani ni pembeni ya chungu, na tangu hapo hakuna aliyecheka. Daktari alisema apelekwe Dar akapasuliwe upesi, kwa sababu tukizidi kungoja, macho yenyewe yataharibika na hakuna atakayeyarudisha. Nyumbani kwangu kitu cha kuuza kilikuwa kimoja.

Sasa niambie, gari la spoti unaliuzaje Newala? Nilimpigia dalali yuleyule wa Masasi, akataka cha juu kikubwa mpaka nikajiuliza nani hapa mwenye mama mgonjwa. Nikatuma picha kwenye makundi ya simu. Watu mia wakauliza bei ya mwisho, hakuna aliyekuja kuliona, na mmoja akaomba tubadilishane na trekta bovu. Nikafikiria kulipeleka kwenye yadi Dar, lakini kwa bampa la waya na njia ile, lingefika nusu.

Ndipo nikasema, kwani sisi tunauzaje korosho? Tunauza kwa sanduku. Kila mnunuzi anaandika bei yake kwenye karatasi, anaifunga, anaitumbukiza. Sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima wote, bei zinasomwa kwa sauti, na wakulima wanajibu wamekubali au wamekataa. Hakuna kunong'onezana. Nikaona hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Nikatangaza, nikaweka sanduku uwanjani karibu na ghala, na Jumamosi mchana watu wakaja hadi kutoka Mnyambe, wengi wakiwa wamefuata kicheko tu.

Karani wetu wa msimu ndiye aliyesoma. Tulipatana asome bei kwanza, jina baadaye, ili watu wasipendelee. Akasoma ya kwanza, ndogo, watu wakapiga kelele, "Tumekataa!" Akasoma ya pili, ya maana kabisa, nikamwona Mwalimu mmoja wa Masasi akikohoa, nikajua ni yake. Kabla hatujajibu, karani akafungua ya tatu, akaigeuza nyuma na mbele.

"Huyu kaandika 'siku saba' tu," akasema. "Shilingi hakuna."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mmoja akasema huyo anataka kukopa wiki nzima. Na unajua watu wetu kwenye mnada, utani ukianza haushikiki. Wakaitikia kwa pamoja, "Tumekubali!" Nami, mwenye mali, nikanyoosha mkono juu nikapaza sauti kuliko wote. "Tumekubali!"

Hapo karani akasoma jina. "Hashimu Selemani, Chiwata."

Watu wakaangaliana, nani huyo? Mimi nilimjua. Kadi yenye jina lile ilikuwa sandukuni kwangu nyumbani na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikainyakua karatasi, nikaichana, nikasema ni upuuzi wa mlevi, gari ni la Mwalimu. Tukapatana nimpelekee Masasi kesho yake asubuhi, naye anipe hela mkononi. Usiku ule mke wangu aliniuliza mbona sili. Nikamwambia nimechoka.

Nilitoka asubuhi kukiwa kumeshapambazuka, ila ukungu wa kwetu wa asubuhi unaujua? Taa unawasha na bado unaona mita tano tu. Nilikuwa sijafika kwenye mteremko wa kuteremkia upande wa Masasi nilipomwona mtu kasimama kando ya njia. Kijana, fulana ya kijani, mikono mitupu. Huku hatumpiti mtu kwenye ukungu. Nikasimama bila kufikiri, akafungua mlango, akaketi, akavuta mkanda.

Mkanda wa kiti kile ulikuwa umekwama tangu siku niliyonunua gari. Una kitufe cha siri chini, lazima ukibonye huku unavuta. Mimi niligundua baada ya miezi. Yeye aliubonya bila kuangalia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nikasema.

Twende, nikajiambia. Ni mtu tu. Nikaendesha. Lakini ndani mlikuwa na baridi, na kioo cha mbele upande wangu kilijaa mvuke wa pumzi zangu, nikawa nafuta kwa kiganja. Nikageuka nimwambie afute na upande wake. Kioo cha upande wake kilikuwa kikavu, safi, unaona hadi tone la ukungu lililoko nje. Alikuwa amekaa pale muda wote ule na kioo hakikupata hata doa. Umeelewa?

"Mlikubali," akasema. Alikuwa na mwanya, na aliongea taratibu, kwa adabu zote. "Nilisikia. Wewe ndiye uliyepaza sauti."

Nikaanza kumwomba. Nilimwambia nitageuza sasa hivi, nitalipeleka gari Chiwata kwa ndugu zake, bure, nitalisukuma kwa mikono kama mafuta yataisha. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Siku thelathini na tatu, kaka. Hizo saba zilikushinda nini?"

Ningemjibu nini? Kwamba bei ilikuwa poa?

"Gari sina kazi nalo tena," akaendelea. "Mpelekee Mwalimu, aliendeshe kwa amani. Mimi sina pa kukaa. Nitakaa pale hela yake itakapokwenda."

Nikakanyaga breki kwenye kona ya mteremko. Mkanda ukajirudisha wenyewe, taratibu, ukaingia mahali pake. Mlango haukufunguka na kiti kilikuwa kitupu.

Nilikaa pale nusu saa nzima. Hapa ndipo naomba usinihukumu haraka. Nilikuwa na njia mbili, na zote nilizijua. Nyuma ni kurudi na gari, kumwambia Mwalimu biashara imekufa, na mama aendelee kupapasa ukuta mpaka macho yaoze. Mbele ni Masasi. Nilifikiria hata kudanganya: hela ya gari ninunue salfa ya kupulizia mikorosho, akakae huko shambani na majani, halafu macho ya mama niyalipie kwa hela nyingine. Hela nyingine ipi? Sikuwa nayo. Nikakumbuka ule mkono kwenye mafiga, nikateremka Masasi.

Mwalimu alifurahi. Mpaka leo analiendesha, bampa jipya, hajawahi kulalamika. Mimi hela ile sikuigusa kwa mkono mtupu, niliipokea kwenye bahasha na bahasha ikafika hospitali Dar vilevile. Mama akapasuliwa jicho moja, kisha la pili.

Siku ya kumfungua bandeji nilikuwa nimekaa mbele yake. Muuguzi akamwambia afumbue polepole. Mama akafumbua. Akaniangalia, akanishika mashavu, akacheka, "Umezeeka, mwanangu!" Nikalia, nakwambia kweli, nililia kwa furaha. Halafu macho yake mapya yakahama, yakatua juu ya bega langu la kushoto.

"Na huyu kijana mbona kasimama muda wote?" akasema. "Mpe kiti basi, maskini. Fulana yake imelowa."

Muuguzi alicheka, akasema wagonjwa wengine huona vivuli siku za mwanzo. Mimi nilimuuliza mama, mama, ni fulana gani? Akasema ya kijani. Nikauliza, meno yake? Akasema ana mwanya mzuri, hujawahi kuuona?

Nilijipa moyo kwamba atakaa siku saba zake aondoke. Nikazihesabu. Ya nane asubuhi mama alimsogezea chai. Nikaenda Chiwata, nikawaeleza ndugu zake kila kitu mpaka nilivyopaza sauti uwanjani. Tukasoma dua upya, nikachinja mbuzi wawili. Dada yake alinisikiliza mpaka mwisho, akasema bila hasira, "Arobaini tulimfanyia, Baba Zuhura. Tulikaa mkekani vizuri tu. Hakukuwa na kitu cha kugawa." Nikarudi nyumbani, na mama akaniuliza mbona nimemwacha mgeni wangu peke yake kutwa nzima.

Mama sijamwambia. Nitamwambia nini, kwamba nilimnunulia macho ya namna hiyo? Anaona vizuri mno sasa, anachagua mchele mwenyewe, anatunga uzi kwenye sindano. Ana furaha. Jioni anajisogeza kwenye mkeka amwachie mtu nafasi, anatenga sahani, anamwita 'mwanangu', anamuuliza habari za kwao na kunyamaza akisikiliza majibu. Mke wangu amehamia chumba cha nyuma na watoto. Mimi ndiye ninayekaa naye kula, natazama ile nafasi tupu.

Juzi, baada ya magharibi, alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akanigeukia akitabasamu.

"Mgeni wako ananiuliza, mimi nikifa, arobaini yangu mtaingoja?" akasema. "Nimemwambia, mwanangu ataingoja. Si utaingoja, baba?"

Nikasema nitaingoja. Tangu juzi sijalala. Macho yale yatazikwa naye, lakini aliyemo humo atakuja kukaa kwa nani?

Nawe unayesoma, ukikuta gari zuri kwa bei ya kutupa, usikimbilie kuangalia injini. Uliza mwenyewe yuko wapi. Ukiambiwa yuko kaburini, uliza tangu lini, na kama siku hazijatimia, rudi kwenu kwa miguu.