Jina Lililochelewa Kumtoka Bibi

Harufu ya singo sitaki kuisikia. Mtaani akiolewa mtu, wanawake wakaanza kutwanga asumini kavu, mawaridi, karafuu na liwa za kumsugulia bibi harusi, mimi hufunga dirisha. Wajukuu wanadhani ni kifua. Si kifua. Mwaka mmoja katika ile ya hamsini, nikiwa bado mtoto wa chuo cha Kurani, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota, nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilinuka singo kuanzia ngazini mpaka darini. Ilianikwa juu kwenye sinia, nami nikakalishwa pale kufukuza kunguru. Ilikuwa singo ya mama mdogo Salma, mtoto wa mwisho wa bibi yangu. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tulikuwa watatu tu nyumba ile. Salma alikuwa ameposwa na Makame, seremala kijana, watu wake wa Makunduchi, akifanya kazi karibu na Darajani. Alimpenda. Zama zile mambo hayo hayakusemwa, lakini msichana anayeimba huku akisugua masufuria hajifichi.

Bibi yangu, Bi Mwanakheri, alishapindukia sitini na hakuwa na ugonjwa wowote. Nalisema hili mapema kwa sababu watu walikuja kumzulia mengi. Alishona kofia na tundu zake zikakaa sawasawa. Sokoni hakuna muuza samaki aliyeweza kumpa aliyelala akamwambia wa leo. Ila majina yalikuwa yameanza kumkwepa. Akitaka kuniita mimi, atapita kwanza kwa marehemu mama yangu, aende kwa Salma, aende kwa paka, mwisho achoke: "We nani hii, njoo!" Tukicheka, na yeye akicheka. Hatukuona ubaya wowote.

Siku ya kutwanga alikuja jirani yetu Bi Fatma, mtu wa maskhara. Katikati ya kazi akasema, "Mwanakheri, si nasikia ulimnyonyesha mtoto wa Kimakunduchi pamoja na Salma? Angalia usije ukamwoza mtu ndugu yake!" Wanawake wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Akasema ni kweli alimnyonyesha. Mama yake alikuja mjini kujifungua, akafariki, na baba akaja kumchukua mtoto alipoanza uji. Mchi ukasimama. Makame naye alizaliwa mjini, mama yake naye alifariki kwa uzazi, na yeye na Salma ni marika. Kwetu walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Salma akaweka ungo chini, akaenda kukaa ngazini.

Siku ya pili alikuja mjomba wa Makame, Mzee Haji, aliyemlea baada ya baba kufa, pamoja na maalim wa kuozesha. Wanaume walikaa ukumbini, bibi nyuma ya pazia, mimi ubavuni pake. Mzee Haji alisema wakati ule yeye alikuwa bara, hajui mtoto alinyonyeshwa na nani. Anachojua ni kuwa marehemu dada yake, mama yake Makame, akiitwa Kazija.

"Siye," bibi akasema papo hapo. "Yule hakuwa Kazija."

"Alhamdulillahi. Alikuwa nani basi?"

Nikamwona bibi anafungua mdomo na hakitoki kitu. "Jina lake fupi," akasema. "Nnalijua. Liko hapa." Akashika koo. "Alikuwa na kidoti shavuni. Akipenda embe mbichi kwa chumvi. Kanga ya mwisho nilimfunika mie kwa mikono yangu."

"Jina, Bi Mwanakheri."

"Linakuja."

"Hulijui lake, na wajua kuwa hili silo?" Mzee Haji hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kwa khofu.

"Nnajua kuwa silo!"

Maalim akasema ushahidi wa bibi anautaka, lakini autoe mzima. Kwa nusu ushahidi hatoozesha. Akampa mpaka Ijumaa.

Siku zile sizisahau. Waliomjua yule mwanamke walishazikwa, na mumewe alikuwa baharia, kama baba yake Makame, bibi alimjua kwa sauti ya hodi tu. Mtoto naye alimwita "mwanangu" tu. Nikawa namtajia majina yote niliyoyajua: Zuwena, Asha, Mtumwa, Pili, Time. Siye, siye, siye. Mara nyingine alifumba macho, midomo ikaanza kujipanga kama anayetaka kunywa, nikajua hilo linatoka. Likarudi. Salma hakula. Alimpigia magoti: "Mama, lolote utakalolisema watalikubali. Sema lolote." Bibi akamtazama sana. "Nikisema lolote, mwanangu, nitakuwa nimekuoza kwa uongo." Walilia wote wawili, kila mmoja chumba chake.

Ijumaa ikaja, jina halikuja. Mzee Haji akasema hawezi kumtia mtoto wa dada yake katika shaka. Mtaani wakasema Bi Mwanakheri ameruka akili. Wengine, kwamba anamwonea choyo binti yake wa mwisho. Makame aliozwa kwao, kabla hata bibi hajaimwaga ile singo.

Siku moja, asubuhi, bibi alikuwa akichambua mchele. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mize." Ungo ukamwanguka. "Mize! Akiitwa Mize! Nipeni buibui langu, niende kwa Haji." Salma alikuwa mlangoni na kata ya maji. Hakulia. Akasema, "Kaa, mama. Zoa mchele wako."

Tangu hapo bibi alikuwa akianza neno na kuliacha katikati, kisha akaacha hata kuanza. Salma aliolewa baadaye na mtu mzima wa Bumbwini, akakaa naye kwa heshima mpaka mwisho. Kuimba sikumsikia tena.

Sasa nimempita bibi kwa umri. Juzi nilitaka mbuzi ya kukunia nazi, nikaishia kusema, "Nipe lile, la kukalia, lenye meno." Daktari anasema sina ugonjwa, akili nzima, ni uzee tu, maneno yanachelewa njiani. Bibi hakupata wa kumwambia hivyo. Lakini yeye angalau alingojewa mpaka Ijumaa. Mimi wajukuu zangu hawaningojei pumzi moja. Wananitia neno mdomoni, silo, nami nimechoka kubisha, nalipokea.

Majina yao yananipotea. La marehemu mume wangu lilinipotea mbele ya wageni. Lakini kila nikimaliza kuswali alfajiri najaribu moja, na hilo halijanikimbia hata mara moja. Mize, nasema. Linakuja papo hapo, zima, na hakuna tena anayelitaka.