Glediola za Mama kwenye Majivu ya Feri

Nacheka leo nikisimulia, lakini siku ile, haki ya Mungu, nilikaa kwenye ngazi nikalia kama nimefiwa upya.

Mimi kwetu Njombe, kwenye baridi. Hapa Mchafukoge naishi na binti yangu ghorofa ya tatu, na bustani yangu iko juu ya paa: ndoo za rangi, sufuria bovu, tairi. Humo nilipanda glediola za marehemu mama. Ua refu lile, majani kama mapanga, linafunguka kuanzia chini kwenda juu. Kwenye udongo lina kichwa kama kitunguu. Kiwanja cha mama kule kijijini kimeshauzwa, wamemwaga zege mpaka uani. Kwa hiyo vichwa vyangu kumi na kimoja ndiyo vilivyobaki, hakuna vingine. Vikifa hivyo, basi.

Sasa glediola inataka kulala. Kwetu baridi ikikaza unachimbua, unafukia kwenye majivu makavu jikoni mpaka wakati wa kupanda. Huku Dar baridi iko wapi? Adui ni masika, maji yakituama kwenye ndoo kichwa kinaoza. Nikachimbua kabla ya mvua. Lakini majivu? Binti yangu anapikia gesi, jiko linang'aa kama kioo!

Nikaenda Feri, sokoni kwa wakaanga samaki.

"Shikamoo bibi! Majivu ya kusugulia masufuria?"

"Marahaba. Ya kulazia maua."

Walicheka hao! Mmoja mpaka akaunguza samaki wake. Lakini ndoo walinijazia.

Nikavipanga kwenye beseni, nikafukia, nikaweka chini ya ngazi ya paani, pakavu kabisa. Sikufunika. Kwetu hatufuniki, eti vinapumua. Binti yangu anapita ameziba pua: "Mama, mbona ngazi inanuka vibua?" Nikamwambia pita zako.

Nilisahau paka. Jengo letu lina paka jamani, wanazaliana kama nini. Wakafuata harufu ya samaki, samaki hawakuona, wakakuta majivu laini. Wakageuza choo. Na mimi nimelelewa kwamba vikilala huvichokonoi, basi mvua yote ile nilikuwa napita nalisalimia beseni kwa furaha, sigusi.

Siku nimeingiza mkono, tope. Nikashika kichwa cha kwanza, kikapasuka kama papai bovu. Cha pili. Cha tano. Vyote kumi na kimoja. Nikakaa kwenye ngazi.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili, Mhindi, bibi mwenzangu, alikuwa anapanda kumwagilia mrihani wake wa sala.

"Shoga! Nani amekufa?"

"Mama."

"Si ulishamzika miaka ile?"

"Amekufa tena leo."

Akaziba pua na ncha ya sari, akachutama, akaingiza vidole kwenye uchafu ule. Mimi mwenyewe nilikuwa sitaki tena. Akatoa tupunje, tugumu.

"Hii nini? Choroko?"

Vitoto! Vinaota pembeni ya kichwa. Mama alikuwa anawamwagia kuku, maana kitoto mpaka kitoe ua ni miaka mitatu, au zaidi.

"Mitatu?" akasema. "Wewe hata ndizi mbichi hununui, unaogopa utaondoka hazijaiva!"

Tukacheka, nikalia tena humohumo. Tulipata kumi na tisa vizima. Mvua zilipokata nikapanda. Vimetoka viwili tu, vyembamba kama nyasi, na mimi magoti ya kupanda ngazi ndiyo yanaisha.

Jana nikamwita binti yangu. Nikamwambia, kila mwaka kabla ya masika achimbue, alaze pakavu, afunike, arudishe. Mimi nikiwepo, nisipokuwepo.

"Sawa, Mama," macho kwenye simu.

"Weka simu chini," nikamwambia. "Sema tena."