Naliaka Hakufa Bungoma

Mtu anawezaje kufa Kitale na bado awe hai Bungoma? Swali hilo lilinikalia kichwani nikiwa darasa la nne. Sikuwa na wa kumwuliza, maana siku hizo wakubwa wa nyumbani hawakupenda maswali yangu, hasa yaliyokuwa na neno "kufa" ndani yake.

Limenirudia majuzi, fundi alipofungua mgongo wa televisheni yetu ya zamani, ile nene yenye kisogo, akaiwasha ikiwa wazi. Vumbi lililolala juu ya nyaya kwa miaka likapata moto na kutoa harufu. Fundi alikunja pua. Mimi nilifumba macho. Kwake ilikuwa harufu ya kitu kinachoungua, na kwangu ilikuwa harufu ya mwanamke aliyesimama langoni, joho lake jekundu likipepea, akiningoja niingie.

Nilikutana naye Bungoma, katika kibanda cha vidio cha Khocha Wanjala. Kwetu mjomba huitwa khocha, na huyu alikuwa ndugu mdogo wa mama. Kibanda kilikuwa nyuma ya soko, mabati matupu, na madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia. Mchana jua lilipenya kwenye matundu ya misumari, likatumwagia nukta za mwanga vichwani, hata ukaona kama watu wameketi ndani ya usiku mdogo waliojijengea wenyewe. Mkewe, Nafula, alikaa mlangoni kupokea watu. Khocha alikaa kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi. Alipunguza sauti ya filamu yenyewe, kisha akatuhadithia filamu kwa Kiswahili chetu.

Kiingereza chake hakikuwa kingi, na hakikumzuia hata kidogo. Mlima wenye theluji ulikuwa Masaba, ule ule tunaouona kutoka nyumbani. Mzee wa ndevu mwenye fimbo alikuwa mganga wa Bumula, na ada yake ilikuwa jogoo mwekundu. Yale majitu yenye meno yalikuwa manani, ya hadithi za nyanya zetu, na yalikuwa yameshuka mlimani baada ya kunusa harufu ya pombe ya busaa ikichujwa.

Nami nilikuwa mtoto wa kuuliza. "Khocha, hao askari wote wanapikiwa na nani?"

Alijibu kwenye kipaza sauti bila kugeuka. "Mpwa wangu anauliza chakula. Wanapikiwa na bibi ya mfalme. Sufuria si unaiona hapo nyuma ya mlima? Ni kubwa, ndio maana unadhani ni kilima."

Likizo hiyo ya Agosti nilikuwa nimepelekwa Bumula kwa kukhu, mama yake mama. Mama alikuwa amelazwa Eldoret, na baba alikuwa naye. Niliambiwa anaumwa na kichwa, nikashangaa, kwa sababu hata mimi kichwa kiliwahi kuniuma na hakuna aliyenipeleka Eldoret. Kukhu aliomba sana na kunipikia sana, na kila simu ilipolia aliipokea nje, katikati ya migomba. Mtoto anayefichwa jambo hulijua umbo lake kabla ya kulijua jina. Nililijua umbo la lile jambo kwa jinsi kukhu alivyorudi ndani kila mara akiwa ameshika kitu kisicho na kazi: jani, kijiti, jiwe.

Jumamosi moja asubuhi Khocha alikuja kunichukua. Walizungumza na kukhu kando ya ghala kwa muda mrefu, kisha akanijia, akachuchumaa, akanifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Twende mjini uone muvi," alisema. "Halafu tutaongea."

Sikuuliza tungeongea nini. Neno muvi lilikuwa limemeza mengine yote.

Ndiyo filamu aliyokuwemo Naliaka. Bila shaka waliomtunga walimpa jina jingine, lakini Khocha alimwita hivyo, jina la msichana aliyezaliwa wakati wa palizi. Alikuwa shujaa wa mfalme, mrefu, hacheki ovyo. Manani walipovamia mji, watu walikimbilia ndani ya ngome, na Naliaka akabaki kwenye lango, ameliegemea kwa kiuno ili lisijifunge mpaka wa mwisho aingie.

Nilipomwona ameegemea vile, nilimwona mama. Nyumbani kwetu Tuwan, mtaani Kitale, ploti yetu ilikuwa na geti la chuma lisilokaa wazi. Kila jioni niliporudi shuleni, mama alilishikilia kwa kiuno hivyo hivyo, mikono ikiwa na unga, akisema, "Ingia, umechelewa." Hata nikiwahi, alisema nimechelewa.

Naliaka alilifunga lango kutoka nje. Mishale ikaja. Akapiga magoti, kisha akalala ubavu, na theluji ikaanza kumfunika taratibu kama mtu anayetandikiwa kitanda.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kipaza sauti cha Khocha kilikwaruza tu, bila maneno. Nilimgeukia. Alikuwa ananiangalia mimi badala ya televisheni.

"Amechoka," alisema hatimaye. "Naliaka amechoka, jameni. Amelala kidogo. Hao wanamfunika joho asishikwe na baridi."

Mwanamume mmoja nyuma yangu akasema, "Lakini DJ, huyu si jana ali..."

"Wewe kaa chini," Nafula alimwambia kutoka mlangoni, ingawa mtu yule alikuwa ameketi.

Mwishoni kabisa, vita vilipokwisha, mwanamke mwenye joho jekundu alitokea juu ya farasi, akipita katika majani mabichi. "Huyo hapo!" Khocha alisema. "Ameamka."

"Khocha, mbona nywele si zake?"

"Amesukwa. Huko alikolazwa kuna msusi."

Kibanda kizima kilicheka, na kilicheka kirefu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Tulipotoka jua lilituchoma macho, akaninunulia muwa, akanirudisha Bumula. Njia nzima aliimba. Hatukuongea lolote.

Shule zilipofunguliwa nilirudi Kitale. Baba alikuja kukaa nami usiku na kwenda Eldoret kila alipoweza, na baada ya shule niliachwa chini ya macho ya Mama Zuhura. Mama huyu aliishi karibu na msikiti wa mtaa wetu. Mbele alikaanga mahamri, na katika chumba cha nyuma alikuwa na televisheni nene za michezo, watoto wakipokezana. Humo ndimo harufu mbili zilimooana, ya mafuta na ya vumbi la moto.

Siku ya kwanza niliona picha kwenye kasha, joho jekundu. Ilikuwa ni filamu yetu, imegeuzwa gemu. Nilishika padi, kidude cha vitufe. Na kweli kila kitu kilikuwepo. Mlima ulikuwepo, theluji ilikuwepo, hata ule mlio wa zumari ambao Khocha alisema ni mbuzi wa jirani. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa ndani. Nilikuwa askari mdogo, Naliaka akikimbia kando yangu, na nikisimama naye anasimama. Tulipigana na manani mpaka tukafika langoni. Akaliegemea. Nikapita.

Lango likafungwa nyuma yangu. Vitufe vikafa vidoleni mwangu, picha ikaendelea yenyewe, na kupitia upenyo nikamwona akianguka. Halafu sauti ya mzee, nzito, ikasema kwa Kiingereza ambacho hata mtoto wa darasa la nne hangeshindwa kukielewa, kwamba amekufa. Papo hapo maandishi yakang'aa: nimezawadiwa upanga wake.

"Hiyo panga ndiyo kali," alisema Kevo, mtoto wa jirani, ambaye daima alingoja zamu nyuma ya bega langu. "Songa sasa."

"Hii gemu inadanganya. Naliaka hafi. Analala tu."

"Nani amekwambia?"

"Khocha yangu. Ndiye mwenye hiyo muvi."

"Ati mwenye muvi? Si hiyo ni ya wazungu, bana."

Nilianza upya. Siku zilizofuata nilijaribu kila ujanja. Nilimaliza manani wote kwanza. Nilikimbia bila kupigana. Niliingia langoni kinyumenyume, Kevo akicheka mpaka akakaa sakafuni. Kila mara alikufa, na kila mara nilipewa upanga wake kana kwamba ndio nilioutaka. Siwacheki watu wanaotabiri kwa majani ya chai, kwa sababu najua nilichokuwa nafanya: nilikuwa nimeamua, bila kumwambia mtu, kwamba Naliaka akibaki hai mama atarudi, na asipobaki, basi.

Kisha alasiri moja adhana iliita nikiwa hatua chache kabla ya lango. Saa ya sala Mama Zuhura hakutaka makelele ya vita katika nyumba yake.

"Simamisheni. Manani wenu hawatoroki," alisema, akabonyeza kitufe, akaenda kuswali.

Dunia yote ilisimama. Joho la Naliaka liliganda hewani, theluji ikaning'inia bila kuanguka. Nilimtazama muda wote ule, na wazo likanijia polepole. Mama Zuhura aliporudi na kuiachilia, theluji ikaanza tena kushuka, lakini mimi sikugusa kitu.

Hakuna kilichotokea. Naliaka alipumua. Alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Aligeuza shingo kuniangalia, akaliegemea lango vizuri zaidi, akangoja. Manani hawakuja. Niligundua kwamba wao huja tu ukishavuka kizingiti, na usipovuka, Naliaka ataishi mpaka umeme upotee.

Tangu hapo nilicheza hivyo. Nilifika langoni, nikaweka padi mapajani, nikatulia. Alasiri zilikuwa ndefu, mahamri yakichemka kwenye mafuta mbele, sauti ya watoto wakikariri madrasa ikitufikia kwa mbali, na sisi wawili tukitazamana katika theluji isiyokwisha. Wakati mwingine nilisinzia, nikaota nikiwa nimeketi, na nilipofumbua macho bado alikuwepo.

"Unamngoja nani?" Kevo aliuliza.

"Yeye ndiye anayeningoja."

"Mama Zuhura, huyu dem ameharibika. Ako kwa gemu na hachezi," alisema, akininyooshea kidole.

"Mwache," Mama Zuhura alijibu. "Wewe mwenyewe hucheza na huendi popote."

Jioni moja aliingia akipangusa mikono, akaniambia naitwa nyumbani. Nilimwomba asiizime. Akanitazama, akaitazama televisheni, akasema haizimi. Niliondoka nikigeuka nyuma.

Mama alikuwa kwenye geti. Alikuwa amekonda, na kichwa kilikuwa kimenyolewa chote. Alikuwa ameliegemea lile geti la chuma kwa kiuno, lakini niliona wazi kwamba safari hii chuma ndicho kilichomshikilia.

"Ingia," alisema. "Umechelewa."

Nilisimama nje. Mguu ulikataa kuvuka. Alisema tena, na tena, mpaka baba akatoka, akanibeba, akanivusha. Nikageuka haraka kumwangalia. Alikuwa bado amesimama. Maneno ya kwanza niliyomwambia, tangu likizo, yalikuwa, "Kwani huko hakuna msusi?"

Sisemi nilimponya. Nimesomea takwimu chuo kikuu, na kazi yangu kubwa ni kukataa kuamini kwamba mambo mawili yakifuatana basi moja limezaa jingine. Madaktari walimtoa uvimbe kichwani, na mwili wake ukafanya mengine. Ndivyo ninavyosema hadharani.

Huko chuoni ndiko nilikoitafuta ile filamu, niione bila Khocha. Nilitaka kuthibitisha kwamba gemu lilidanganya. Nilifunga mlango wa chumba cha hosteli na kuitazama yote. Naliaka alikufa. Alikufa waziwazi, wenzake wakamfunika kwa joho na kumlilia kirefu, na yule mpanda farasi wa mwisho alikuwa binti yake, amekuwa mtu mzima na amevaa joho la mama yake.

Kwa hiyo gemu lilikuwa aminifu: lango lilikuwa lile lile, na kifo kilikuwa kile kile. Kilicholishinda ni kilio. Filamu ilikaa na maiti yake, gemu likanipa upanga na kunihimiza mbele. Lakini filamu haimngoji mtu. Ukifumba macho ikupite, itakupita. Gemu lilinipa kitu ambacho hata watengenezaji wake huenda hawakukikusudia, ruhusa ya kutovuka. Aliyesema uongo alikuwa Khocha peke yake.

Nilimfuata Bungoma nikiwa na hoja zangu zote. Kibanda kilishafungwa zamani. Siku hizi anaongoza sherehe za harusi, na sauti ni ile ile.

"Khocha, yule Naliaka wako alikufa. Nimeiona. Ulitudanganya."

Alicheka, akaniuliza kama chuoni ndiko wanakofundisha kutazama muvi, kisha akasema anaenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mbele yetu.

Alipoondoka, Nafula aliniongezea chai. Alisema filamu ile walikuwa wameionyesha wiki nzima. Jumatano Naliaka alikufa, Ijumaa alikufa, na hata Jumapili, nilipokuwa nimesharudi Bumula, alikufa na watu wakalia. Waliojaa kibandani siku yangu walikuwa wengi wao wameshamwona akifa. Jumamosi ile alfajiri baba alikuwa amepiga simu kutoka Eldoret, kwamba madaktari wamesema mama hataiona Jumatatu, na Khocha alikuwa ametumwa kuniambia.