Gitaa Alilochagua Mjomba

Nilizaliwa na shoto, aibu ambayo mama aliishughulikia mapema. Kila tulipoketi kula, alinifunga mkono wa kushoto mgongoni kwa kipande cha leso kuukuu, hadi nikajua kula, kuandika na kusalimu kwa wa kulia. Majirani zetu wa Malindi walimsifu kwa malezi mema. Mimi nilimwaga mchuzi kwa miaka.

Nilipofika umri wa kutafuta kazi, nikasikia bendi ya hoteli moja kule Bofa inataka mpiga gitaa. Palepale nikaamua kuwa mpiga gitaa. Kasoro ilikuwa ndogo tu: sikuwa na gitaa wala sikujua kulipiga. Kiongozi wa bendi, mtu wa huruma, akanionyesha kwa gitaa lake pa kuweka vidole, akaniambia nikanunue langu, nijizoeze, kisha nije nijaribiwe. Nilikuwa nimechoka kukaa barazani nikiulizwa kila asubuhi, "Kazi bado?" Nafasi ile niliitaka kwa roho yangu yote.

Kwetu kijana hanunui kitu cha maana peke yake. Awe anataka baiskeli, kitanda au mbuzi, lazima afuatane na mtu mzima, asije akalaghaiwa. Mimi nikapewa mjomba, fundi seremala, ambaye gitaa alikuwa amelisikia redioni tu, tena akaizima redio.

Duka lenyewe liliuza vitu vilivyoachwa na watalii. Magitaa yalikuwa mawili. La kwanza, la rangi ya udongo, mjomba aliligonga mgongo kama anayenunua mlango, akachungulia tunduni, akanusa.

"Hili lina mchwa," akasema.

"Mzee wangu, hilo limetoka Ulaya juzi tu," mwenye duka akalalamika.

"Kwani Ulaya hakuna mchwa?"

La pili, jekundu, lilimpendeza. Mbao kavu, gundi safi, viungo vimekaza. Lingekuwa na miguu, tungelifanya meza ya chakula. Mwenye duka akaapa kwamba lilikuwa la Mtaliano mmoja, fundi kwelikweli, ambaye akilishika watu wanalia. Tulikuwa wataalamu watatu mle ndani, na hakuna aliyegusa hata uzi mmoja. Mjomba akabishana bei mpaka adhuhuri, akashinda, akanipa mkono wa pongezi.

Nyumbani niliweka vidole vilevile nilivyoonyeshwa, na gitaa likalia kama sufuria zinazogombana. Jirani alikuja kuuliza kama tuna mgonjwa. Niliendelea hivyo hivyo, kwani subira huvuta heri, ingawa heri yenyewe ilikuwa nzito mno kuvutika.

Siku ya kujaribiwa, kiongozi wa bendi alilitazama gitaa langu, akacheka mpaka akakalia ngoma.

"Ndugu yangu, nani alikuchagulia? Hili limefungwa nyuzi za mtu mwenye shoto. Nene ziko chini, nyembamba juu. Lete nikubadilishie."

Nikamwomba angoje. Nikaligeuza, vidole vya kulia nikavipanga kwenye shingo, mkono wa kushoto nikauacha ushuke wenyewe kwenye nyuzi. Sauti ikatoka safi. Nikarudia, ikatoka tena. Kiongozi akaacha kucheka.

"Hujui kitu bado," akasema, "lakini mkono huo una mdundo. Njoo Jumamosi upige nasi."

Nilimpelekea mama habari njema.

"Kwa shoto? Mbele za watu?" akauliza.

Kwamba hotelini kuna pombe na watu nusu uchi, hilo halikumsumbua. Kilichomkosesha raha ni mkono wangu. Niliudhika, nikaumia pia.

"Mama, mkono huu umekukosea nini?"

Hakunisemesha mpaka Jumamosi, nilipokuwa nikihangaika kutafuta kamba ya kulitundika gitaa begani, maana Mtaliano alikuwa ameondoka na mkanda wake. Mama akatoka chumbani na leso kuukuu, akaichana kwa meno, akafunga ncha moja huku na nyingine kule. Akanivisha mwenyewe, akalegeza kidogo mpaka mkono wa kushoto ukazifikia nyuzi vizuri. Kisha akakaza fundo mara mbili, kama alivyokuwa akikaza zamani.

"Haya, nenda," akasema. "Lakini wali wangu utaula kwa wa kulia."