Wajukuu wa Trei

Alhamisi asubuhi pale Igawa, msichana wa chuo alipanda basi letu la Mbeya amekumbatia trei ya miche ya nyanya. Kondakta akaonyesha buti kwa kidevu.

"Kule itakufa, kaka. Huu ndio utafiti wangu."

"Siti zimejaa. Utasimama nayo?"

"Nitasimama."

Akasimama kweli, trei mkono mmoja, daftari mkono mwingine, maana mchana alikuwa na mtihani. Kila basi lilipoyumba aliokoa miche, akapoteza mstari.

Mama aliyeketi karibu yake akanyoosha mikono. "Nipe hao wajukuu niwapakate. Wewe soma."

Msichana hakuinua tena macho mpaka Uyole.

Siku ya mahafali joho litavaliwa na mmoja. Mimi ningekiita jukwaani na kitenge cha yule mama, kilichoshuka kimejaa udongo.