Matuta ya Mama Kwenye Hifadhi ya Barabara

Shamba letu la Mollo lilipopimwa viwanja, mpima alitufafanulia maneno yake. Bikoni ni kiguzo cha zege kinachoonyesha mpaka. Hifadhi ya barabara ni ardhi inayoachwa kwa ajili ya njia, hujengi, hulimi. Nilielewa, mimi si mjinga! Lakini hifadhi yao ilipita juu ya matuta ya marehemu mama. Alikuwa amefukia nyasi humo zioze, mvua zikija ayatawanye apande mahindi, ndivyo tulimavyo huku Ufipa. Mvua hakuziona. Baba aliyatawanya yeye, akapanda, tulimkataza bure. Greda lilipokuja, mahindi yalikuwa yamefika magotini. Baba akamwomba dereva asubiri, akayang'oa kwa mkono wake mwenyewe, shina kwa shina.